Maswali na majibu: mafuriko, tingatinga na mpangaji aliyesahaulika

Kwa nini watu wa Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, hurudi kando ya mto hata baada ya nyumba zao kubomolewa na serikali? (Msomaji, Kayole)

Swali hili linanifikia kila msimu wa mvua, na kila mara huulizwa kana kwamba watu wale hawayaogopi maji. Wanayaogopa sana. Mvua za 2024 zilipopungua nilipita kwenye kichochoro ambacho ukutani matope yalikuwa yameacha alama usawa wa kifua changu. Godoro lilikuwa limeanikwa juu ya mabati yaliyosalia, na chini yake mama mmoja alikuwa tayari anakaanga mandazi ya kuwauzia vibarua waendao Eastleigh kwa miguu. Ukimhamishia mama huyo Joska, nje kabisa ya Nairobi, umempa mahali pa kulala na kumnyang'anya wateja, na nauli ya kurudi mjini itameza faida yake yote.

Je, zile shilingi 10,000 ambazo Rais Ruto aliahidi kila familia iliyofurushwa kando ya mito Mei 2024 zilitosha kuhamia kwingine? (Huruma)

Toa kodi ya mwezi wa kwanza, dipoziti na gharama ya mkokoteni, kisha uniambie kilichobaki cha unga.

Ilani ya saa chache ni halali? (Kiambiu)

Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa 2016, inataka ilani ya miezi 3 kabla ya watu kufurushwa. Kuwaokoa watu majini ni dharura isiyongoja ilani, lakini tingatinga si mashua.

Mwenye nyumba anasema atafidiwa. Mimi mpangaji wa miaka tisa nitapata nini? (Mukuru kwa Reuben)

Hapa ndipo mipango yetu ya makazi mbadala huharibikia, kwa sababu anayeandikishwa kwanza ni mwenye mabati, ambaye mara nyingi haishi hapo, ilhali aliyepoteza sufuria, sare za watoto na kitambulisho ni mpangaji. Sheria ya wakimbizi wa ndani ya 2012 inawatambua pia waliohamishwa na majanga ya asili, na inazungumzia mahali mtu alipozoea kuishi, si hati ya kumiliki. Kwa hiyo usifute jumbe za M-Pesa ulizolipia kodi, nenda kwa chifu pamoja na majirani zako, na mdai orodha isomwe hadharani. Orodha inayoandikiwa ofisini huzaa majina ambayo hakuna jirani anayeyajua.

Nimepata ploti ya bei nafuu karibu na Mto Ngong. Mita ngapi ni salama? (Embakasi)

Mita 30 kutoka mtoni, ambazo serikali ilitaja 2024 kuwa watu wasiishi ndani yake, mnazipima vibaya: kipimo huanzia pale maji yalipofika mto ulipofurika zaidi, si ukingo unaouona Januari. Kabla ya kulipa, mwulize mwenye kioski cha karibu maji yalimfika wapi mwaka ule, dalali hatakwambia.