Kituo cha ujasiriamali chuoni: umiliki uandikwe kwanza

Kabla ya kutafuta jengo la kituo, chuo kiandike jibu la swali moja: uvumbuzi ni mali ya nani?

Nchi hazilijibu sawa. Uswidi, sheria ya 1949 humwachia mhadhiri haki ya alichovumbua, kwa hiyo kituo hakina budi kumshawishi akubali uvumbuzi wake ujengewe kampuni. Chuo cha Chalmers, tangu 1997, huwakutanisha watafiti hao na wanafunzi wanaotaka kujenga kampuni. Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, nacho humwachia mbunifu mali yake. Marekani, sheria ya Bayh-Dole ya 1980 huruhusu chuo kumiliki uvumbuzi uliotokana na fedha za utafiti za serikali kuu, ndiyo maana ofisi ya chuo ya hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) huitwa mapema.

Kisichoandikwa hufumuka siku mwekezaji anapotaka kuona nyaraka. Mwanafunzi aliyetengeneza programu keshahitimu, yuko mji mwingine, na hataki kusaini bila kulipwa. Chukueni saini za timu nzima siku ya kuisajili, hata za wanaojitolea.

Upande wa walezi, yaani wazoefu wanaoshauri waanzilishi wa kampuni, MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, Marekani, ina mfumo mzuri sana tangu 2000: mwanzilishi hukaa na walezi kadhaa kwa pamoja, wote wa kujitolea. Mlezi akiwa mmoja, kijana humtii tu. Wakiwa watatu na wakapingana mbele yake, atalazimika kupima mwenyewe. Nao wasaini kwamba hawataomba hisa katika kampuni wanayoilea.

Vituo vyetu vya Afrika Mashariki hukwama zaidi kwenye fedha. Timu inataka kipuri cha bei ndogo wiki hii. Idara ya ununuzi inataka nukuu tatu za bei, na muhula unaisha. Ombeni masurufu madogo yenye kikomo, yasiongezwe mpaka risiti za awali zirudi. Ruzuku igawanywe mara tatu: timu ikishahoji wateja thelathini, mfano wa bidhaa ukifanya kazi, na mteja wa kwanza akilipa. Programu ya delta v ya MIT, ya kukuza kampuni changa za wanafunzi, inayoendeshwa likizo ya kiangazi, nayo hutoa fedha kwa malengo yaliyofikiwa, bila chuo kuchukua hisa. Zawadi nono ya shindano, ikitolewa yote siku moja, huwalea waandishi hodari wa maandiko ya miradi, na bidhaa haifiki sokoni.

Mkiwakabidhi wanafunzi uendeshaji, kama Aaltoes, jumuiya ya ujasiriamali ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Aalto, Ufini, iliyoanzishwa 2009, mrithi achaguliwe miezi miwili kabla, na akae na anayeondoka kwenye kila kikao cha wafadhili.