Nikitoka nje ya mada mbele ya wageni, niseme vipi kwa Kiingereza?

SUALI: Shikamoo mwalimu. Natembeza wageni kwenye mashamba ya viungo Kizimbani. Juzi nilianza na karafuu, mara nikajikuta niko kwenye kimbunga cha 1872, kisha Pemba. Nilipotaka kurudi kwenye karafuu nikasema "I went off the rails". Wageni wakatazamana. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sarufi yako haina kosa. Maana ndiyo iliyokuponza. Picha yake ni treni iliyoacha reli, na Waingereza humsema hivyo mtu aliyeharibikiwa: kaingia ulevini, kaacha kazi, hashikiki. Sisi tungesema mambo yake yamekwenda mrama, kama chombo kinavyoyumba baharini. Wageni wako walidhani unaungama jambo zito.

Ulichokitaka ni jirani yake: "I got sidetracked". Huu nao umetoka relini, Marekani, karne ya 19. Ni ile njia ya pembeni ambako treni huingizwa ili kupisha nyingine. Treni hiyo haikuanguka, inangoja tu kurudi njia kuu. Unguja tuliwahi kuwa na reli, ya mjini hadi Bububu, mwanzoni mwa karne ya 20, lakini kijana wa leo hana treni ya kuitazama akaiona tofauti hiyo.

Upo na msemo ninaoupenda zaidi, "go off on a tangent". Chora duara, kisha weka rula iguse ukingo wake mahali pamoja tu, upige mstari. Mstari umeligusa duara ukenda zake, na kila ukiurefusha unazidi kuliacha. Asili yake ni neno la Kilatini tangere, yaani kugusa. Ndivyo ilivyokuwa kwako: karafuu zilikugusisha kimbunga kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuisalimisha mingi ya Pemba, nawe ukaondoka nacho. Jisemee mwenyewe bila tabu, lakini usimwambie mgeni, maana hapo unamkosoa.

"But I digress" ni sahihi pia, ila shambani ni nzito. Iache kwenye hotuba na maandishi.

Wanafunzi wangu wengi huchanganya hapa na "beat around the bush". Huo umetokana na wawindaji wa ndege waliokuwa wakipiga vichaka pembeni. Mwenye kufanya hivyo hakupotea mada. Anaijua vizuri na anaikwepa. Mgeni akuulize bei ya vanila, wewe umweleze habari za mvua: huko ndiko kumung'unya maneno, na ndipo msemo huu unapofaa.

Kwa kazi yako sema: "Sorry, I got sidetracked. Back to the cloves." Hayo maneno ya mwisho usiyasahau, ndiyo yanayomrejesha mgeni njiani. Na habari ya kimbunga usiitupe. Iweke nyuma, wageni wakishazishika karafuu na kuzinusa.