Wapima maziwa wamerudi kwenye daftari: niandike programu upya?

Swali: Habari mhandisi. Nilitengenezea ushirika wa wafugaji hapa Njoro programu ya simu ya kuandikia maziwa ya asubuhi. Nilifuata hatua zote tano za fikra za usanifu nilizofundishwa: kumwelewa mtumiaji, kufafanua tatizo, kubuni mawazo, kutengeneza sampuli na kuijaribu. Mkutanoni wapimaji waliisifu. Kufikia wiki ya tatu wote walikuwa wamerudi kwenye daftari, wanasema programu ni nzito. Je, niiandike upya kwa lugha nyingine ili iwe nyepesi? Nimekutumia picha za skrini na kurasa nne za daftari lao. *Msomaji, Njoro*

Jibu: Dadangu, usiandike upya chochote kwa sasa. Hizo kurasa nne za daftari nimekaa nazo jioni nzima, na ni vizuri ulizituma, kwa sababu jibu limo humo. Mpimaji akisema programu ni nzito, mara nyingi hasemi habari ya kasi ya simu. Anasema kazi yake imeongezeka.

Tazama ukurasa wa pili. Kuna 7.5 iliyokatwa kwa mstari mmoja, juu yake 6.5, na sahihi mbili pembeni. Chini yake mfugaji mmoja ana namba mbili kwa asubuhi moja. Kwingine, mbele ya jina la mama fulani, pameandikwa "kaleta mtoto". Sasa rudi kwenye skrini yako: mfugaji mmoja, siku moja, namba moja, kitufe cha Hifadhi. Mpimaji akikosea, anafuta na kuandika nyingine, na ile ya kwanza haionekani tena. Daftari halifanyi hivyo. Mkato ule mmoja umeiacha 7.5 isomeke makusudi, ili mwisho wa mwezi, pesa zikilipwa, mtu asije akasema kilo yake imeliwa. Wewe ulisoma safu na vichwa vyake, ukajenga hifadhidata inayofanana navyo. Mimi ningeanza na palipokatwa, kwa kuwa pale ndipo watu walipobishana wakaelewana.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonisumbua zaidi. Kwenye maelezo uliyoambatisha na picha, umeandika kwamba kila mfugaji huja na kadi yake, naye mpimaji humwandikia humo kilo zilezile zilizoingia daftarini. Kwa programu yako kadi imeondoka. Mfugaji anasimama gizani na mtungi mtupu, anaona mgongo wa simu tu, na namba amebaki nayo mpimaji peke yake. Hata kama wewe na mpimaji ni waaminifu, umemnyang'anya mfugaji ushahidi. Nadhani wapimaji walirudi kwenye daftari kwa sababu wafugaji waliwadai kadi.

Nalijua kosa hili kwa kulitenda. Hapa Kisumu niliwahi kutengenezea kikundi cha akina mama wauza omena mfumo wa mauzo. Niliwauliza maswali ukumbini, wakanijibu vizuri, wakasema mfumo ni mzuri sana. Nilipokwenda kuketi nao sokoni ndipo nilipoona wanauza kwa gorogoro na kwa debe, na mimi nilikuwa nimeweka kilo pekee. Hakuna aliyenidanganya. Ukumbini mtu hukueleza kazi jinsi inavyopaswa kuwa, tena kwa mgeni hujibu kwa adabu. Kwa hiyo zile hatua tano sina ugomvi nazo, ila ile ya kwanza haifanyiki kwenye viti vya plastiki.

Kumbuka M-Pesa ilivyoanza. Majaribio ya mwaka 2005 yalilenga watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Waliokuwa wakiyaendesha wakaona watu wanatumiana pesa wao kwa wao, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 kutumiana pesa ndiko kulikotangulizwa. Hawakung'ang'ania karatasi yao ya mwanzo.

Upande wa msimbo, badilisha haya. Rekodi ya kilo isihaririwe kamwe. Sahihisho liwe rekodi mpya inayoitaja ile ya zamani, pamoja na sababu na aliyesahihisha, na jumla ihesabu sahihisho badala ya namba ya zamani. Mfugaji aruhusiwe kuwa na rekodi kadhaa kwa siku. Kila rekodi ipewe kitambulisho cha kipekee papo hapo kwenye simu, ikae kwenye foleni hadi mtandao upatikane, na seva ikipokea kitambulisho kilekile mara ya pili isiongeze kilo. Hifadhi saa ya simu na saa ya kupokelewa kando kando, maana saa za simu hukosea. Vitufe viwe vikubwa: saa kumi na moja alfajiri vidole vimelowa maziwa, na skrini ya kugusa haikitambui vyema kidole chenye maji.

Badala ya kadi, mfugaji atumiwe ujumbe mfupi palepale, hata mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ataupata. Ila chunga kitu kimoja kidogo. Ujumbe wa herufi za kawaida hubeba herufi 160. Ukiandika "ng'ombe" na kihariri chako kikageuza kile kistari cha juu kuwa kilichopinda, ujumbe mzima unahamia usimbaji mwingine, yaani njia nyingine ya kuhifadhi herufi, na nafasi inashuka hadi 70, kwa hiyo ushirika unaweza kulipia jumbe mbili au zaidi badala ya moja. Tumia kistari kilichonyooka. Na asiye na simu aendelee kuandikiwa kadi, bila kuombwa radhi wala kuelezwa maendeleo.

Kabla ya hayo yote, nenda ukasimame na mpimaji mmoja asubuhi tano mfululizo. Usimwonyeshe programu. Mshikie tochi tu.

Mwenyekiti akikuuliza daftari litaacha kuandikwa lini, mwambie viende sambamba hadi malipo ya miezi miwili yalingane, mfugaji kwa mfugaji, mpaka shilingi ya mwisho.