Gruffudd ap Cynan, Mfalme wa Gwynedd Aliyezaliwa Dublin

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Gruffudd ap Cynan, mfalme wa Gwynedd huko Wales, alizaliwa Ireland. Je, alikuwa na haki gani ya kudai kiti hicho?

JIBU: Haki yake ilitoka kuumeni. Babu yake, Iago ab Idwal, alikuwa mfalme wa Gwynedd hadi alipouawa mwaka 1039, na mwanawe Cynan, baba yake Gruffudd, akaishi uhamishoni Dublin, ambako alimwoa Ragnell, binti wa ukoo wa Waviking uliotawala mji huo. Ukoo wa mama haukumpa Gruffudd haki ya kutawala, lakini ulimpa merikebu na askari, na kwa maoni yetu bila msaada huo asingethubutu kuvuka bahari mwaka 1075 kudai urithi wake. Miongoni mwa watoto aliozaa na mkewe Angharad ni Owain Gwynedd, aliyemrithi mwaka 1137, na Gwenllian, anayestahili kukumbukwa zaidi kuliko anavyokumbukwa, kwani mwaka 1136 aliongoza jeshi dhidi ya Wanormani, wavamizi waliotoka Uingereza, karibu na Kidwelly, kusini mwa Wales, akauawa. Llywelyn Mkuu, mtawala maarufu wa Gwynedd aliyefariki mwaka 1240, alikuwa mjukuu wa Owain.