Jibu: Chanjo ya saratani ya ubongo ya Florida ni tiba, si kinga

Pole sana dada kwa kuuguliwa na kaka. Umeuliza kama angechomwa mapema chanjo ile ya Florida asingepata glioblastoma, yaani saratani kali ya ubongo. Hapana. Inaitwa chanjo, lakini hupewa mtu ambaye tayari anaumwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walichukua uvimbe uliotolewa kwa upasuaji, wakapata humo mRNA (maelekezo ya kijenetiki yanayoiambia seli itengeneze protini gani) ya mgonjwa mwenyewe, wakaizidisha na kuifunga katika chembe za mafuta zenye matabaka kama kitunguu, kisha wakamrudishia kwenye mshipa. Ndiyo maana ya huyu haimfai yule. Kinga ya mwili iliamka ndani ya saa 48, na hilo lilinipa moyo kweli! Ila matokeo hayo ya 2024 yalihusu watu 4 tu, baada ya mbwa 10 wa kufugwa wenye saratani ya ubongo.

Mkipata nafasi ya jaribio lolote, ulizeni kuhusu deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe. Katika jaribio la chanjo nyingine ya glioblastoma huko Boston, Marekani, lililochapishwa 2019, waliokuwa wakiitumia wakati wa chanjo hawakuonyesha mwitikio wa kinga. Lakini asiiache mwenyewe tafadhali, maana ndiyo inayozuia ubongo usivimbe.