Sahihi sitini za majirani: barua kwa mwanangu

Mwanangu Tumpe,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza, mkihamia Bekasi, jirani na Jakarta, mtapata kanisa la kusali au mtasali kwa kujificha? Kujificha, hapana. Indonesia Waislamu ndio wengi, lakini katika kila watu kumi Mkristo mmoja humkosi. Krismasi na Ijumaa Kuu ni sikukuu za taifa, na Bekasi kuna Wabatak, kabila la kisiwa cha Sumatra, wenye kanisa lao HKBP, Walutheri kama sisi wa KKKT. Ibada mtapata. Ambalo hukuuliza ndilo linaloninyima usingizi: jengo la kanisa husimama vipi kule, na ninyi mtakuwa majirani wa namna gani.

Kanuni inayofuatwa ni ya 2006, iliyotolewa na mawaziri wawili, wa dini na wa mambo ya ndani. Usharika unaotaka kujenga hupeleka majina na vitambulisho vya waumini wasiopungua 90. Juu ya hapo huweka sahihi za wakazi 60 wa eneo hilo wanaounga mkono, zilizothibitishwa na mkuu wa kijiji au kata. Inatakiwa pia barua ya ofisi ya dini ya wilaya, na nyingine ya FKUB, baraza la maelewano ya dini, ambalo viti vyake hugawanywa kwa wingi wa waumini wa kila dini mahali hapo. Faili likikamilika ndipo linafika kwa mkuu wa wilaya au meya, naye ana siku 90 za kujibu.

Waumini 90 si kazi. Kazi ni wale 60. Jirani anatia sahihi leo, wiki ijayo watu wanamwendea, anaifuta. Mwingine anasema alidhani anasaini mahudhurio. Kanuni inasema wale 60 wasipotimia serikali isaidie kupata mahali pengine, na hapo ndipo faili linapolala. Usharika wa GKI Yasmin, mjini Bogor, ulipata kibali 2006. Mwaka 2008 kikasimamishwa, sahihi zikadaiwa ni za kughushi. Mahakama ya Juu ikawapa haki 2010, na bado mlango haukufunguliwa. Walisali kando ya barabara, baadaye mbele ya Ikulu. Kanisa lao lilifunguliwa Pasaka ya 2023, tena kwenye kiwanja kingine.

Nilichowaambia tangu mkiwa wadogo nakirudia: sahihi ya jirani haiombwi siku unayoihitaji.

Unajua kwa nini jambo hili linanichoma. Ni kile kiwanja cha msikiti. Hapa kwetu Waislamu ndio wachache, na siku ya kikao cha mtaa cha kukijadili, mzee Hamisi, aliyekuwa akiwaletea biriani kila Idi, alinitazama mimi, mzee wa kanisa, niseme neno. Nikasema tusubiri kikao kijacho. Hicho kijacho hakikuitishwa. Mama yako hakunisemesha jioni ile. Idi ilipofika, biriani ililetwa vilevile.

Basi nitamnyooshea nani kidole? Lakini hapana, dhuluma ni dhuluma; mtu kumwabudu Mungu wake kusingoje hisani ya watu 60. Halafu nakumbuka kanuni ni hiyohiyo kwa misikiti, na kule Manokwari, Papua, ambako Wakristo ni wengi, waliopinga msikiti ni ndugu zetu wa makanisa. Tena nakumbuka Riyanto, kijana Mwislamu wa Banser, kikosi cha ulinzi cha vijana wa Kiislamu, aliyekuwa akilinda kanisa la Eben Haezer mjini Mojokerto mkesha wa Krismasi wa 2000. Alibeba bomu kulitoa nje, likamuua. Yeye nani alimwomba sahihi? Kama kanuni ile ni ya haki au la, ulimi unaniwasha kusema. Nitauzuia. Kaa huko mwaka mmoja, uniambie wewe.

Mkifika, siku hiyohiyo mwende kwa mwenyekiti wa RT. Ni kama balozi wetu wa nyumba kumi, ila kaya zake ni nyingi zaidi. Mgeni akilala kwenu, mwenyekiti aarifiwe ndani ya saa 24. Kuna kerja bakti, kazi ya pamoja ya kuzibua mitaro na kufagia, na mara nyingi huangukia Jumapili asubuhi. Siku hiyo salini ibada ya jioni. Kuna ronda, doria ya usiku kama sungusungu. Mumeo asilipe pesa kukwepa zamu, aende akakae na wenzake. Jumuiya ikija kusali kwenu, RT ajue kabla, na msifanyie nyumba ileile kila wiki kwa spika, maana malalamiko huanzia hapo: wamegeuza nyumba kuwa kanisa.

Nimefunga kahawa ya Mbozi kilo mbili. Moja ni ya mwenyekiti wa RT, mpelekee wewe mwenyewe.

Baba yako
Tukuyu