Bega la mwogeleaji: anzia bwawani

Mdogo wangu uliyemaliza fiziotherapia juzi, na leo umeletewa mwogeleaji wako wa kwanza analalamika bega: usikimbilie kumlaza kitandani. Muulize anaogelea kilomita ngapi kwa wiki. Wengi hawajui, watakwambia, "Mazoezi ya kawaida tu, dokta." Basi kaeni chini mhesabu pamoja.

Mchukue kijana anayefanya mazoezi kwenye bwawa la shule la mita 25. Kilomita 4 kwa siku ni mara 160 kutoka ukuta hadi ukuta. Akipiga mikono 20 kila mara, jumla ni 3,200, yaani 1,600 kwa kila bega. Kwa siku sita za wiki, bega moja limezunguka mara 9,600. Nilipofanya hesabu hii mbele ya mama mmoja, alinyamaza, akamtazama binti yake begani, kisha akasema, "Kumbe mtoto anabeba mzigo." Tangu hapo sikupata tabu kumweleza kwa nini tunapunguza kilomita.

Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kikombe kinachokipokea ni kidogo tena hakina kina, mithili ya chungwa juu ya kisosi. Kinachokituliza mahali pake ni misuli minne midogo inayolizunguka bega, pamoja na ile inayolishikilia kombe la bega mbavuni. Misuli hiyo ikichoka, kano hulemewa, hasa kano ya suprasipinatasi, mmoja wa ile minne, unaokaa juu ya kombe la bega. Madaktari Kennedy na Hawkins wa Kanada waliliandikia tatizo hili mwaka 1974, na kipimo chenye majina yao ndicho mlichofundishwa darasani. Kifanye, lakini kitakuonyesha tu kwamba pale pana maumivu. Hakitakwambia yametoka wapi. Utafiti uliofanywa Australia kwa waogeleaji 80 wa kiwango cha juu, ukachapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba uharibifu wa kano hiyo ulifuatana na saa na kilomita za majini. Ndiyo maana nakusisitizia hesabu.

Mimi nilikosea mwanzoni. Binti wa miaka 14 aliletwa na maumivu ya bega la kushoto. Nilimkanda, nikamwekea barafu, nikamwambia apumzike wiki tatu. Maumivu yakaisha, nikafurahi. Aliporudi bwawani alianza na kilomita 4 zilezile siku ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyemwambia vinginevyo, na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia. Kabla wiki haijaisha alikuwa mlangoni kwangu, ameushika mkono wake kwa mkono mwingine. Bega lililopumzika wiki tatu limepoteza nguvu, kisha likabebeshwa mzigo uleule.

Safari hii nikaomba kwenda bwawani. Nilimsalimia kocha shikamoo, nikamweleza kwamba nimekuja kujifunza kwake, na kweli nilijifunza. Nilisimama upande wa ukuta ambako waogeleaji wanakuja wakinielekea. Mkono wa kushoto wa binti uliingia majini ukivuka mstari wa kichwa na kwenda upande wa kulia. Tena alivuta pumzi kulia tu, kila mara. Kwa hiyo mwili wake uligeuka vizuri upande mmoja, na ulipofika wakati wa kuutoa mkono wa kushoto majini, kifua hakikugeuka vya kutosha, bega likafanya kazi peke yake. Kitandani nisingeliona hilo hata ningempima mwezi mzima.

Kuna jambo la pili nililoliona siku ile. Kocha, kwa nia njema kabisa, alipomwona anakunja uso alimpa ubao wa kupigia mateke ili bega lipumzike. Lakini anayeshika ubao ananyoosha mikono mbele juu ya kichwa, na ubao unaisukuma juu, palepale panapouma. Tulikubaliana apige mateke akiwa chali, mikono ikiwa kando ya mwili. Zile pedo za mikononi, vibao vya plastiki vinavyovaliwa viganjani, nazo tukaziweka kando mpaka bega lipone.

Angalia pia wanachofanya kabla ya kuingia majini. Vijana wanavutana mikono kwa nyuma, wawili wawili, wakiamini wanalainisha mabega. Mabega ya waogeleaji wengi tayari yamelegea kupita kawaida! Wazuie. Afadhali wazungushe mgongo wa juu, huku na huku.

Mazoezi ya nguvu hayahitaji vifaa vya bei. Mimi hukata mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, nikaufunga kwenye nguzo. Kiwiko kikae ubavuni, kimebana taulo iliyokunjwa, mkono uzungushwe nje taratibu, mara 15, seti tatu. Halafu kusukuma ukuta, na mwishoni aendelee kusukuma mpaka kombe la bega lizunguke mbavuni. Akizoea, ashuke sakafuni. Asiyafanye hadi kuchoka kabla ya kuogelea, maana atalipeleka majini bega lililochoka. Mpe wiki 12, umwambie mapema, kwa sababu wiki ya tatu maumivu yakipungua ataacha.

Wakati wote huo aendelee kuogelea. Kanuni ninayoitumia: maumivu ya 0 hadi 2 kati ya 10, aendelee, 3 hadi 5, apunguze umbali au abadili mtindo, zaidi ya hapo atoke. Asubuhi yake bega liwe halijazidi kuuma kuliko jana. Lakini akiwa na ganzi hadi vidoleni, au aliangukia bega, au maumivu yanamwamsha usiku hata siku ambazo hakuogelea, mpeleke kwa daktari kabla ya kumpa zoezi lolote.

Yule binti tulimwanzisha na kilomita 1, siku tatu kwa wiki, akivuta pumzi pande zote mbili. Nilimnunulia daftari dogo. Kila Jumatatu analeta, ukurasa una safu mbili, kilomita na maumivu, na mimi husoma kilomita kwanza.